Bi Harusi Tuliyemtoa Dirishani kwa Sababu ya Waya ya Bei Chee

Wanangu mnaoshika plaizi na testa leo, mmenichekesha. Wiki nzima simu yangu inalia kwa picha zenu. Mmoja kanitumia waya za kubusti betri, zile za kuazima umeme wa gari jingine, zilizokunjwa ndani ya mkoba mwekundu wa zipu, mwingine kanitumia roli zima la waya ya umeme, na wote mna swali moja: "Bibi, hizi za bei chee zinafaa kwa yale magari ya kulala?"

Najua kwa nini mnauliza. Zamani magari hayo tuliyaona ya wageni tu, yakitokea Tunduma na baiskeli nyuma na masufuria yakigongana ndani. Siku hizi hata mtu wa Makambako anang'oa viti vya basi dogo la Kosta, anaweka kitanda, jiko na friji, anatuita tuje tuone nyumba yake. Na mimi furaha inanishika, maana kazi hiyo niliifanya mwishoni mwa ufundi wangu na niliipenda kuliko zote. Nitawajibu. Lakini jibu langu linapitia Mafinga, mchana kweupe, siku tuliyomtoa bi harusi kwa dirisha la gari akiwa amevaa gauni lote na shela. Aliyefunga umeme wa gari hilo nilikuwa mimi.

Kwa msionijua, mimi naitwa Mwanaidi. Baba yangu alikuja Mbeya kutoka pwani kuuza vitambaa, akataka nikae dukani nipime mita. Mimi nikawa nachungulia boneti za magari ya wateja. Hatimaye akachoka, akanipeleka kwa Mzee Ambakisye, Mnyakyusa mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyekuwa na banda la umeme wa magari pale Mwanjelwa. Nilirithi banda lile, nikazeekea humo, na sasa nimepumzika Kihesa, Iringa, ambako kazi yangu ni kujibu simu zenu.

Siku yangu ya kwanza kubusti betri, nilibana nyekundu kwenye nyeusi. Ilitoka cheche moja, nikajikuta nimekaa kwenye tope. Mzee Ambakisye akainama juu yangu.

"Umeona nini?"

"Nyota."

"Basi leo umesoma. Nyekundu kwa nyekundu. Ile nyeusi ya mwisho unaibana kwenye chuma cha injini, mbali na betri. Inuka, rudia."

Nilirudia mara kumi kwenye magari mabovu yenye betri zilizokufa, watu wa soko wakinihesabia kwa sauti. Mpaka leo nikiwa usingizini mkinipa waya za kubusti nitazibana sawasawa.

Na yeye ndiye aliyenifundisha kuipima waya kabla ya kuinunua. Kwanza uishike mkononi, maana kopa, yaani shaba, ina uzito wake. Halafu ukwangue uzi mmoja kwa wembe: kama ni kopa, nyekundu itaendelea mpaka ndani, na kama ni alumini iliyopakwa rangi, utakutana na weupe. Mwisho uuchome uzi kwa kiberiti. Kopa itawaka nyekundu, ikipoa utaikunja. Ile nyingine italegea na kukatika. Wauza waya walimchukia Mzee Ambakisye kwa sababu alikuwa akiingia dukani na wembe mdomoni. Mimi nilipima hivyo maisha yangu yote. Isipokuwa mara moja.

Mara hiyo alikuja Mzee Ngailo. Alikuwa mtu wa Ubaruku, amelima mpunga na kuukoboa tangu ujana, sasa mashine amewaachia wanawe. Aliingia Mwanjelwa na Kosta kuukuu aliyoipaka rangi ya maziwa, akashuka akitabasamu kana kwamba ndiyo kwanza amezaliwa.

"Fundi," akasema, "nimeona kwenye simu watu wanazeeka ndani ya gari. Asubuhi mlimani, jioni ziwani. Mimi na mke wangu tumezeeka kwenye tope la mpunga. Nifungie umeme."

Kitanda kilikuwemo tayari, na kabati la vyombo alilolisimamisha nyuma ya kiti cha dereva kama ukuta, lenye tundu dogo la kumpitishia chai. Alitaka friji, feni, taa, na inveta, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, ya kuendeshea pasi. Pasi ndiyo ilikuwa sharti la mkewe, Mama Neema. Binti yao Neema alikuwa anaolewa Iringa Jumamosi ile, na gari ndilo lingekuwa chumba chake cha kuvalia. Mlango wa Kosta ile ulikuwa wa umeme, wa kubonyeza. Nikaihamishia swichi yake kwenye betri ya nyumba, ile iliyokaa chini ya kitanda, kwa kuwa nilitaka sifa: mama mtu abonyeze akiwa amekaa kitandani.

Nilikuwa na siku tatu tu. Waya niliyoizoea ilikuwa imekwisha mjini. Nikaenda duka la jirani, kijana muuzaji akaniwekea roli mezani.

"Mama, hii kopa tupu. Na bei nusu."

Niliishika. Ilikuwa nyepesi. Nawaambia kweli, mkono wangu uliniambia ni nyepesi, na mimi nikaujibu mkono wangu kwamba tuna haraka. Yule kijana akaniongezea na waya za kubusti ndani ya mkoba mzuri wa zipu. Nene, ngumu, zinang'aa. Nikasema Mzee Ngailo atafurahia mkoba. Wembe ulikuwa mfukoni mwangu wakati wote.

Ijumaa nikalirudisha gari Ubaruku pamoja na Mzee Ngailo, na Jumamosi alfajiri tukatoka. Mama Neema aliniambia siwezi kuachwa, nimekuwa mtu wa nyumbani, basi nikapanda. Mzee Ngailo mbele peke yake anaimba nyimbo za kanisani. Sisi wanawake watatu nyuma, tumekaa kitandani na miguu haigusi chini, tunapita Igawa tunakunywa soda baridi kutoka kwenye friji niliyoifunga mwenyewe. Kila tulipokunywa Mama Neema alinipiga begani: "Fundi! Baridi kweli!" Nilijiona malkia. Neema alikuwa mwalimu wa chekechea, msichana mpole, anacheka kwa kuziba mdomo. Akaniambia, "Bibi, mimi nimeogopa siku hii mwaka mzima, na sasa naona raha tupu."

Tukasimama Mafinga, kando ya barabara karibu na stendi, mbele ya karakana ya kuchomelea mageti. Mpango ulikuwa Neema avae pale, maana kutoka hapo hadi kanisani Kihesa si mbali tena, na gauni halitakunjika. Mzee Ngailo akazima injini, akaenda kutafuta chai ya moto, maana Mafinga baridi yake mnaijua. Neema akavaa. Jamani, alipendeza. Mama yake akaliangalia shela, akaona mkunjo mmoja, mmoja tu, akachomeka pasi.

Wanangu, pasi haina utani. Inavuta umeme mwingi, na umeme wote huo unapita kwenye waya ile moja inayotoka kwenye betri kwenda kwenye inveta. Fyuzi nilikuwa nimeiweka, ijikate umeme ukizidi. Lakini niliichagua kwa kusoma unene ulioandikwa juu ya ganda la waya, na ganda lilikuwa linadanganya. Ndani mlikuwa na alumini, tena nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Kwa hiyo fyuzi ilikaa kimya inangoja hatari kubwa, huku waya inaungua.

Kwanza nilisikia joto. Nilikuwa nimekalia kitanda, na kitanda kikawa cha moto. Nikadhani ni uzee. Halafu Neema akakunja pua.

"Mama, unaunguza shela?"

"Shela hili hapa, zima kabisa," mama yake akasema, akalinyanyua.

Moshi ukatoka chini ya kitanda, mweusi, unanuka plastiki. Nikapiga kelele, "Chomoa pasi! Fungua mlango!" Mama Neema akachomoa pasi, akabonyeza swichi ya mlango. Kimya. Akabonyeza tena kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama vile mlango haujasikia. Waya ya mlango ilikuwa imelala pamoja na ile iliyokuwa inaungua, na maganda yalikuwa yameshayeyuka yakagandana. Mkono wa dharura wa kufungulia? Tuliuziba wenyewe kwa kabati la nguo. Kwenda mbele kwa dereva? Kabati la vyombo.

Sikuogopa kwa ajili yangu. Niliogopa kwa sababu binti wa watu alikuwa amesimama katikati ya moshi na gauni refu la nailoni, na chini ya miguu yake kulikuwa na moto nilioufunga kwa mikono yangu. Nikanyanyua godoro, nikavua khanga, nikaizungusha mkononi, nikashika kichwa cha waya kinachobana betri na kukivuta. Hakikutoka. Nilikuwa nimekikaza vizuri, mimi na ufundi wangu! Nikavuta tena huku namwita Mwenyezi Mungu kwa sauti, Mama Neema anamwita Yesu kwa sauti, na sijui nani alijibu kwanza, kichwa kikatoka. Waya ikaacha kuvuta umeme. Lakini ganda liliendelea kufuka.

"Neema, dirishani!"

Neema alikuwa ameshafungua dirisha. Nje alisimama Gaudensi, fundi wa mageti, aliyekuja mbio na glovu zake za ngozi. Mtu mrefu, mwenye aibu. Aliona kwanza kiatu cheupe kinatoka, halafu mguu, halafu wingu zima la gauni likamfunika uso. Akapokea kwa mikono miwili na kurudi kinyumenyume kwa uangalifu, haoni kitu, anasema tu, "Pole mama, pole mama."

Na watu wa Mafinga, walioona bi harusi anatokea dirishani na moshi nyuma yake, wakadhani ndiyo sherehe yenyewe. Vigelegele vikalia stendi nzima! Akina mama wa mboga wakaacha mboga. Mmoja akaanza wimbo, wengine wakaitikia. Mzee Ngailo akarudi na chupa ya chai akakuta mwanawe anachezewa ngoma barabarani na Kosta yake inafuka moshi. Hakujua alie au acheze, nikamwona anafanya vyote viwili.

Mama Neema alikataa dirisha. "Mimi mtu mzima, sitoki kama mbuzi." Akakaa ananipepea na sinia mpaka Gaudensi alipoung'oa mlango kwa mtaimbo.

Nilishuka. Nikamwendea Mzee Ngailo mbele ya umati, nikamwambia, "Hii ni kazi yangu. Niliweka waya ambayo sikuipima. Ningeweza kukuulia mtoto."

Akaweka chupa ya chai chini. Kisha akasema, "Tutaongea. Saa hii gari iwake, mchungaji anangoja."

Gari halikuwaka. Nilikuwa nimeziunganisha betri mbili, ya nyumba na ya injini, na pasi ilikuwa imezinywa zote. Ukiwasha, tik, basi. Dereva wa lori la mbao akajitolea kutubusti, na nusura nikubali kwa haraka. Nikakumbuka: lori lile volti ishirini na nne, Kosta hii kumi na mbili. Ningemalizia kuunguza kilichobaki. Nikamshukuru. Akatokea mwenye pikapu ya viazi, hiyo sawa, volti kumi na mbili. Nikafungua ule mkoba mzuri wa zipu.

Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwenye chuma. Mzee Ngailo akawasha. Tik. Nikazishika zile waya katikati, zina joto. Akawasha tena. Vibanio vikalainika plastiki, kimoja kikabaki kwenye vidole vyangu kama ubani uliotafunwa. Umati wote ukasema "Aaah!" kwa pamoja. Nikachukua wembe, safari hii nikaukumbuka, nikaichana ile waya nene. Ganda, ganda, ganda, na katikati uzi mwembamba mweupe, unene wa kamba ya kiatu. Nikawaonyesha watu wote. Walicheka mpaka mwenye viazi akakaa chini, na mimi nikacheka nao, machozi yananitoka, maana mtoto alikuwa nje, mzima, amesimama juani.

Ndipo Gaudensi, kwa aibu yake, akasema, "Bibi, na hizi za kwangu?" Akainua waya za mashine yake ya kuchomelea. Wanangu! Kopa nyuzi nyingi laini, nene kweli kweli, iliyotengenezwa kubeba umeme mkubwa siku nzima. Sijui kwa nini sikuziona, zilikuwa zimelala mbele ya macho yangu. Tukazibana. Mzee Ngailo akawasha, na injini ikanguruma mara moja, na vigelegele vikaanza upya.

Nilifungua kila waya ya nyumba ile nikaitupa nje, nikaacha ya injini peke yake. Neema akakaa mbele na baba yake, mimi na mama nyuma gizani bila taa wala feni, tumeshika mlango kwa kamba. Tulipanda mlima wa kuingia Iringa mjini tunasali, kila mtu kwa dini yake. Tulichelewa nusu saa. Bwana harusi alipomwinamia Neema pale mbele ya madhabahu alinusa, akanong'ona, na sisi wa viti vya mbele tukasikia: "Umetoka kupika?" Neema hakuziba mdomo siku ile. Alicheka kwa sauti yake yote, kanisa zima likamfuata bila kujua sababu.

Jumatatu nilirudi Mwanjelwa na kipande cha waya iliyoungua, nikakiweka mbele ya yule kijana muuzaji. Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima. Nikampa wembe, nikamwambia, "Kwangua." Akakwangua. Alipoona weupe akapauka. "Mama, mimi nauza tu, naletewa. Nimefunga hii hata nyumbani kwangu." Maneno yangu makali yakaisha. Tukafunga duka, tukaenda kwake kuing'oa. Siku hizi pale kaunta kwake kuna wembe umefungwa kwa uzi, mteja akwangue mwenyewe kabla ya kulipa.

Sasa swali lenu. Waya ya bei chee kwenye gari la kulala inafaa? Kwa taa ndogo ya kusomea kitandani, au spika ya redio, weka, ila na fyuzi ndogo. Kwa kitu chochote kinachotoa joto, baridi au nguvu, pasi, friji, inveta, pampu ya maji, usiiweke hata ukipewa bure. Waya za kubusti msizinunue kwa kuangalia unene wa ganda wala uzuri wa mkoba. Nendeni kwa fundi wa kuchomelea, mwulizeni anaponunua waya zake, mkate mita tatu tatu, mfunge vibanio vya maana wenyewe. Mtakuwa nazo mpaka mzeeke. Na bei kubwa peke yake isiwatie imani, nimeshakwangua waya ghali nikakutana na weupe uleule. Fyuzi ikae karibu na betri, na iwe ndogo kuliko uwezo wa waya, maana inailinda waya. Mlango uwe na njia ya kufunguka kwa mkono.

Mzee Ngailo? Ile "tutaongea" yake ilinikosesha raha wiki mbili. Nikaenda Ubaruku mwenyewe bila kuitwa, na roli la kopa niliyoikwangua mpaka nikaridhika, nikafunga upya kila kitu kwa siku nne. Siku ya nne, baada ya wali wa mchana, akaniita nje. Aliweka kiti mbele ya Kosta na ndoo ya mchanga.

"Fundi, nimesamehe. Lakini nataka uwashe kila kitu humo, hata pasi. Halafu ulale."

"Nilale?"

"Usingizi hasa. Ukiamka mzima, napokea funguo."

Nikapanda. Nikawasha friji, feni, taa zote. Nikajinyoosha kitandani macho kodo, nanusa, nagusa waya chini ya godoro. Baridi. Nikagusa tena. Baridi. Mara ya tatu sikumbuki kama nilifika.

Niliamka jua limeinama. Mama Neema alikuwa amesimama kando yangu anapiga pasi. Alikuwa amepiga nguo za nyumba nzima, mapazia, vitambaa vya meza, na sasa alikuwa kwenye mtandio wangu, ambao sijui aliutoa lini kichwani kwangu. "Nilikuwa naijaribu tu," akasema. Nje Mzee Ngailo alikuwa amelala kitini, mdomo wazi, ndoo ya mchanga katikati ya miguu. Nikazunguka mlango wa dereva, nikampigia honi. Aliruka, mchanga wote ukamwagika.

"Imeungua?"

"Haijaungua!"

Akaninyang'anya funguo, akapanda mahali pa dereva. "Kaeni! Tunaenda Matema. Mke wangu hajawahi kuliona ziwa."

"Saa hizi?" Mama Neema akashangaa, pasi mkononi. "Tutalala wapi?"

Tuliangaliana wote watatu kupitia lile tundu la chai, tukaangua kicheko, na Kosta ikaondoka. Tulipofika Igawa ndipo nilipotazama chini nikaona niko pekupeku, viatu vyangu vimebaki Ubaruku. Sikumwambia mtu, wasije wakageuza gari.